Kwanza Njia, Kisha Salamu

Bohari ya Mjomba,
Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumanne, mwishoni mwa Shaaban

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Baba pia, kama yuko hapo nyuma yako anasoma juu ya bega lako.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutufundisha kwamba barua ya nyumbani hufunguliwa kwa salamu, kisha mwandishi huarifu kwamba yeye ni mzima na hofu yake ni kwa wale anaowaandikia. Barua za namna hiyo umezipokea nyingi kutoka kwangu. Leo neno "salama" sitaliandika upesi. Mwili wangu hauna homa wala jeraha, nakula vizuri, na chumba ninacholala hakivuji. Lakini naogopa, Mama, na nataka ulijue hilo tangu juu ya karatasi. Kwa nini nimekuwa mgumu wa salamu utaelewa mbele, maana hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mto umefika wapi? Ulipoandika mara ya mwisho maji yalikuwa kwenye migomba ya jirani. Bado mnalala nyumbani, au mmehamia shuleni kwa Baba? Na mdogo wangu Athumani je? Vidonge vyake vya kifafa vimebaki vingapi? Nimehesabu tangu siku lori la mwezi uliopita lilipofika kwenu, na kila nikihesabu naona vimekwisha juzi, au vinakwisha leo. Namwona akianguka kama alivyoanguka siku ile kando ya jiko, ila sasa nikimwona chini yake pana maji. Nikifumba macho ni hayo, nikifumbua ni hayo.

Barua hii inasafiri ndani ya mkebe wa bati. Vidonge vyake vimo humo, vimefungwa kwa nailoni mara tatu. Mjomba anaondoka baada ya sala ya adhuhuri kuupeleka uwanja wa ndege, kwa sababu kuna ndege ndogo ya msaada itakayojaribu kutua kwenu kesho. Nasema itakayojaribu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutuambia kama kiwanja chenu ni kikavu. Basi nina muda mfupi, na ninayo ya kukiri.

Tangu mvua hizi zianze, bohari ya Mjomba imekuwa kama Liwatoni boti za samaki zikiingia, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Unaijua kazi yake. Unga, sukari, mafuta ya kupikia na masanduku ya dawa za zahanati, kutoka hapa hadi Kilifi, Malindi, Gongoni, kwenu Garsen na hata Lamu. Malori hayaingii vichochoro vyetu, kwa hiyo mzigo hutoka bohari kwa mkokoteni mpaka Tononoka, na huko ndiko hupakiwa. Siku za kawaida Mjomba hubeba mambo yote kichwani. Barabara zilipoanza kukatika, kichwa kimoja hakikutosha. Mwenye duka wa Malindi alipiga simu kusema njia imezama. Dereva alipiga kusema imeibuka. Karani wa zahanati aliuliza sanduku lake li wapi. Mjomba aliandika yote hayo nyuma ya pakiti za sigara, kisha akazipoteza pakiti. Siku moja alipeleka unga kwenye barabara iliyokuwa imefungwa siku mbili, na karatasi iliyosema hivyo ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake, na kanzu ilikuwa kambani, imeshafuliwa.

Shule zimefungwa na nyumbani siwezi kuja, basi nikawa nakaa bohari kupokea simu. Siku ile ya kanzu nilimwambia, "Mjomba, habari zikikaa mfukoni mwako unazijua wewe peke yako. Tuzitundike ukutani, kila mtu azione."

"Ukuta gani? Ukuta wenyewe wavuja."

Hata hivyo aliniachia mlango wa kabati la zamani, ule uliokuwa umeegemezwa nyuma ya magunia. Nikaupigilia kamba ya katani kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, iwe ndiyo barabara ya kaskazini. Kila mji nikaupa msumari na jina lake kwa chaki. Kati ya mji na mji nikaweka msumari mdogo wa kutundikia kifuniko cha soda, cha kijani njia ikipitika, chekundu isipopitika. Kila lori nililifanya kasha la kiberiti lenye jina la dereva, nikalibana kambani kwa kibanio cha nguo ili lisogezwe kila likisogea. Chini niliandika mizigo inayongojwa, dawa kwanza, kisha unga, kisha sukari, ili njia ikifunguka watu wasisimame kubishana kipakiwe nini.

Rangi ya kijani ilikuwepo, iliyobaki madirisha yalipopakwa. Nyekundu hatukuwa nayo. Nilimwendea mkaza mjomba nikamwomba rangi yake ya kucha.

"Rangi yangu ya Idi?" alisema. "Ukapake vifuniko vya soda?"

"Kidogo tu, mkaza mjomba."

"Kidogo! Njia zote zimefungwa nchi nzima, nawe wasema kidogo!" Akacheka, akanipa chupa yote.

Nilitaka kuweka na rangi ya tatu, ya manjano, lakini Mjomba alikataa. "Usinipambie," alisema. "Mimi nataka nitazame mara moja nijue, naenda au siendi." Nami sikubishana naye. Niliona ubao utapendeza zaidi ukiwa na rangi mbili.

Madereva walipouona walicheka sana, na aliyecheka kuliko wote ni Mzee Mbwana wa Majengo, yule mkongwe wao, aliyenileta Mombasa siku ya kwanza nilipoingia sekondari. Alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Hii ni barabara au kamba ya kuanikia?"

"Ni barabara, babu."

"Na mimi ni yupi?"

Nikamwonyesha kasha lake.

"Lo! Miaka thelathini kwenye usukani, leo nimekuwa kiberiti. Angalia tu nisije nikawaka." Utingo wake, Nyale, alicheka mpaka akaegemea magunia. Lakini walipokuwa wanatoka nilimwona Mzee Mbwana akirudi nyuma hatua moja kulinyoosha kasha lake, maana lilikaa upande.

Ubao ulifanya kazi, Mama. Wiki ile ya kwanza barabara ilipofungwa mbele ya Kilifi, Mjomba aliutazama simu ikiwa bado sikioni, akaamuru mzigo ushushwe Kilifi kwa watu waliokuwa wanauhitaji huko huko. Zamani angelimwacha dereva akae siku tatu kwenye foleni. Wafanyabiashara wa mtaa wakaanza kupita asubuhi kuuangalia kabla ya kutoa mizigo yao. Waliniita Bibi Ubao. Nilifurahi, na sitakuficha kwamba nilianza kuwaza labda iko kazi ya namna hii duniani, ya kutengeneza kitu ambacho watu wenye hofu wakikitazama wanajua la kufanya, na labda nikimaliza masomo ningeweza kuifanya. Nilikuwa na fikira hizo siku ya Alhamisi.

Alhamisi, lori la Mzee Mbwana lilikuwa Tononoka limeshapakiwa, na juu ya mzigo, chini ya turubai, kulikuwa na sanduku la zahanati ya kwenu. Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na vidonge vya Athumani, vile ambavyo Mjomba hununua kila mwezi. Lilikuwa linangoja neno moja tu. Mjomba alikuwa amemtanguliza Katana aende na lori dogo akaitazame njia kutoka Gongoni mpaka Garsen, kisha apige simu. Katana ni mtu wa Kaloleni, mpole sana. Hawezi kukuomba hata maji ya kunywa kabla hajauliza hali ya nyumba nzima.

Simu ililia wakati wa alasiri. Mjomba alikuwa msikitini. Niliipokea mimi.

"Hujambo, mwanangu? Ni Katana hapa, niko Gongoni."

"Sijambo, shikamoo. Habari za njia?"

"Marahaba. Njema, mwanangu, twamshukuru Mungu. Za hapo? Mjomba hajambo?"

"Hajambo, yuko msikitini."

"Na mkaza mjomba? Mguu wake wapata nafuu?"

"Wapata nafuu."

"Haya, twashukuru. Sasa..."

Basi hapo waya ukakatika. Nilisema halo, halo, mpaka nikachoka. Nilingoja apige tena, hakupiga. Nami sikumpigia, kwa kuwa nilijiambia nimeshapata nilichokitaka. Nilimwuliza habari za njia, akasema njema.

Mama, mimi nimezaliwa na watu wanaosalimiana. Najua kama ujuavyo wewe kwamba mtu akiulizwa habari, hata kama ametoka mazikoni, husema njema kwanza, kisha ndipo hushusha pumzi akasema ila. Kila siku ya maisha yangu nimelisikia neno lile, na sijawahi kulichukua kuwa ni habari. Siku ile nililichukua. Nililichukua kwa sababu sanduku lilikuwa Tononoka na nilitaka liende. Nilipanda kwenye kiti, nikatundika kifuniko cha kijani kati ya Gongoni na Garsen.

Mjomba alirudi, akatazama mara moja kama alivyozoea. "Katana amepiga?"

"Amepiga, Mjomba."

Hakuniuliza zaidi, na mimi sikumwambia kwamba waya ulikatika. Alimtuma mtu wa mkokoteni akimbie Tononoka. Mzee Mbwana mwenyewe alikuja kuhakikisha, funguo mkononi.

"Kijani?" aliniuliza, na safari hii hakuwa anacheka.

"Kijani, babu."

"Haya, mimi huyo. Nikufikishie salamu kwa mamako?"

Nikasema ndiyo, amwambie sisi salama.

Ijumaa asubuhi Katana aliingia bohari. Matope yalikuwa yamemfika mapajani na yalikuwa yameanza kukauka. Alisema mbele ya Gongoni barabara haipo. Katika bonde moja maji yameichukua yote, lami na kila kitu, na pembeni hapaonekani mwisho. Aligeuza, akaliacha lori lake dogo Gongoni, akapata lifti hadi kwa dada yake Malindi akalala huko, na alfajiri akapanda gari la kwanza kuja Mombasa. Bila shaka alipokuwa amelala, Mzee Mbwana alipita Malindi.

Mjomba alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. "Mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga! Nilizungumza na huyu. Waya ukafa, nikajaribu tena mara tatu." Kisha Katana akanigeukia. "Mwanangu, hukumwambia?"

"Ulisema njema," nikasema.

"Nilisema njema, ndiyo." Alinitazama kama mtu ambaye haelewi ameulizwa nini. "Nilikuwa nakusalimia. Nianze na maji kabla ya kukuuliza hali? Mimi sikulelewa hivyo."

Ndipo akakiona kile kifuniko ubaoni. Akavua kofia yake. Heri Mjomba angalinipiga siku ile, Mama. Alipanda kwenye kiti yeye mwenyewe, mtu mzito kama vile, akakitoa kifuniko cha kijani, akatundika chekundu, akashuka, akaniwekea kile cha kijani mkononi. "Kiweke," alisema, na akakaa kwenye simu kuwatafuta watu wa Malindi na Gongoni. Saa tano alipata mtu mmoja tu aliyesema ameliona lori likipita Gongoni alfajiri, kwenda mbele, taa zikiwaka.

Baada ya hapo hakuna aliyeliona.

Siku mbili zile sitaweza kuziandika zote. Mkaza mjomba alinikalisha jikoni akanipa uji kama mtoto, akaniambia, "Mlilie Mungu, usililie kifuniko." Nilimlilia Mungu. Lakini kila nikirudi bohari, kasha la Mzee Mbwana lilikuwa palepale, juu kidogo ya Gongoni, limebanwa kwa kibanio, limenyooka vizuri kama alivyolinyoosha yeye.

Jumamosi alikuja mke wa Nyale kutoka Majengo. Anaitwa Mama Riziki, ana watoto wanne. Hakuingia kwa fujo kama nilivyoogopa. Aliacha viatu mlangoni, akaketi juu ya gunia la mchele mbele ya ubao, akautazama muda mrefu.

"Mume wangu ni yupi hapo?"

Nikamwonyesha kasha. Nikamwambia amepanda na Mzee Mbwana.

"Hapo alipo pana maji kiasi gani?"

"Sijui, mama."

"Na hicho kiberiti kimekaa hapo tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Basi hapo sipo alipo," alisema. "Hapo ndipo alipokuwa jana."

Nilianza kulia. Akaniambia, "Wewe, usinilie. Ukilia nitajua kuna jambo mwanificha." Nikanyamaza. Akaendelea kuutazama ubao, akasema, nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe, "Nyale alikuwa mtu wa boti, kule Liwatoni. Maji anayajua." Alikaa mpaka alasiri. Alipoondoka alinishika kichwa. Sikustahili.

Jioni ile niliushusha ubao chini. Nilitaka kuuvunja. Mjomba aliniona na nyundo akaniuliza nafanya nini, nikamwambia ubao huu umeua watu.

"Hatujui kama kuna waliokufa," alisema. "Na Jumatatu nina malori mawili ya kupeleka Kilifi. Ukiuvunja nitarudi kwenye pakiti za sigara. Utengeneze."

Basi nikautengeneza, nikiogopa kila msumari. Sasa chini ya kila kifuniko kuna kipande cha karatasi. Kinasema habari imekuja siku gani na sala gani, imetoka kwa nani, na je, ameona kwa macho yake au ameambiwa. Habari ikipitwa na nusu siku kifuniko kinatolewa, hata kama ni cha kijani na sote twakipenda. Msumari hubaki mtupu, na msumari mtupu maana yake hatujui. Mjomba safari hii hakusema nampambia. Na juu ya simu nimebandika karatasi ya herufi kubwa: KWANZA NJIA, KISHA SALAMU.

Jambo hilo la mwisho limetuletea ugomvi. Jumapili mwenye duka wa Malindi alipiga, akasema, "Asalaam alaikum," nami nikasema, "Waalaikum salaam, njia inapitika au haipitiki, na umeiona mwenyewe?" Kisha akasema, "Huyu ni nani? Nipe Mjomba wako. Nani amekulea wewe?" Nilitaka kumwambia nimelelewa na mama mwenye adabu kuliko watu wote wa Garsen. Mjomba alichukua simu, akamwomba radhi, akamwambia ni sheria mpya ya bohari, na yeye mwenyewe sasa ataje njia. Yule bwana akataja. Ilikuwa haipitiki. Akamaliza kwa kusema nyumba hii imeingiwa na wazimu, halafu wakasalimiana kwa dakika kumi nzima, wakaulizana hadi mbuzi.

Jana, Jumatatu, kabla ya adhuhuri, nilikuwa naandika karatasi ya Kilifi nikasikia sauti mlangoni.

"Yu wapi yule bibi wa kijani?"

Mama, niliangusha chaki. Alikuwa Mzee Mbwana, amevaa kikoi cha mtu mwingine na shati lisilo na vifungo, na nyuma yake Nyale, anachechemea. Yeye ndiye aliyenifuata, akaketi juu ya gunia alilokalia Mama Riziki.

"Nisamehe, babu."

"Subiri kwanza nikuhadithie. Nimeendesha miaka thelathini, sijapata kuona samaki akichungulia dirishani. Safari hii nimemwona. Nyale ni shahidi."

"Alikuwa kambare," Nyale alisema. "Mkubwa. Akatutazama akaenda zake."

Lori liliteleza kwenye lile bonde gizani kabla hawajaona kitu, likalala upande. Walipanda juu yake, wakakaa huko mchana wote wa Ijumaa na usiku wake, mvua ikiwapiga, Nyale amemfunga mzee kwa kamba ya turubai kiunoni asije akasinzia akaanguka. Jumamosi watu wa mitumbwi waliwaona wakawatoa. Alinisimulia hayo kama mzaha, lakini muda wote alikuwa ameikalia mikono yake.

Kisha akaacha mzaha. "Sanduku la zahanati tulilivuta tukalipandisha juu pamoja nasi. Nilijua mna nini ndani. Lakini maji yalishaingia. Tulipolifungua, vidonge vya nduguyo vilikuwa uji, mwanangu. Uji mweupe. Nisamehe wewe."

Yeye akaniomba mimi radhi, Mama.

Kisha aliunyooshea kidole ubao. "Na hii misumari mitupu?"

"Hapo hatujui, babu."

"Ungaliuacha mtupu ule wa Garsen, ningalingoja. Ningalikutukana, lakini ningalingoja." Akainuka, akalichukua kasha lake la kiberiti, akalishusha kambani mpaka msumari wa Mombasa, akalibana. Akalinyoosha.

Mjomba alitoka papo hapo kwenda kwa wenye maduka ya dawa. La kwanza halikuwa navyo, la pili halikuwa navyo. Katika la tatu alipata vya mwezi mmoja, ndivyo hivi. Mjomba anamfahamu bwana mmoja anayepima mizigo uwanja wa ndege, naye amekubali mkebe mdogo tu, usiwe mzito, kwa kuwa ndege imejaa unga. Ndiyo sababu naandika pande zote mbili za karatasi na herufi zangu ni ndogo. Usinigombeze kwa mwandiko.

Mpe Athumani kama kawaida, nusu asubuhi na kimoja jioni. Mwenye duka la dawa amesema kama amekaa siku kadhaa bila vidonge, usimpe viwili viwili kufidia, mwulize tabibu wa zahanati kwanza. Na mpaka avizoee tena, mtu asimwachie mkono kando ya maji, hata kwa kunawa.

Wasalimie wote. Baba, mwambie nimesoma vitabu alivyonipa na viwili nimevirudia. Bibi yangu mzaa baba, mwambie tasbihi yake ninayo na nimeitumia sana wiki hii. Shangazi mwenye cherehani, na jirani mwenye migomba, kama bado anayo. Mwalimu wangu wa darasa la nane, mwambie mwanafunzi wake anakumbuka alivyotuambia tuandike jibu baada ya kulikagua, na kwamba nilisahau mara moja. Athumani mbusu kwenye paji la uso. Mjomba na mkaza mjomba wanawasalimu, na Mzee Mbwana anasema salamu alizopewa Alhamisi anazo bado, zimelowa tu.

Mama, rubani atangoja kidogo wakati wanashusha unga. Nimekuwekea kalamu na karatasi tupu ndani ya mkebe. Nakuomba jambo ambalo sijawahi kukuomba. Usianze na salamu. Usiniandikie kwamba nyote hamjambo. Andika mstari wa kwanza Athumani yukoje leo, umemwona kwa macho yako. Mstari wa pili, maji yamefika wapi. Ukibaki na nafasi ndipo unisalimie, na mimi nitazipokea salamu zako kwa mikono miwili.

Msumari wenu ubaoni ni mtupu. Kifuniko cha kijani ninacho mfukoni mwa gauni, nimekishika hata sasa. Mjomba amekwisha vaa viatu.

Ni mimi bintiyo nikaaye karibu na simu,
Rukia